Kabla ya Kitanzi: Mhamiaji, Kipigo cha Nyumbani na Kesi ya Mauaji

Hotuba iliyotolewa Nsambya, Kampala, katika siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, mbele ya wakimbizi na wahamiaji wanaozungumza Kiswahili.

Mama zangu, baba zangu, dada na kaka, wachungaji na maimamu mlioketi hapa mbele, habari za mchana. Asanteni kwa kufika. Najua wengine mmefunga biashara ili mje, na Kampala ukifunga biashara mchana, jioni nyumbani wanajua. Kwa hiyo sitazungusha maneno.

Nimeombwa nizungumzie hukumu ya kifo. Kila mwanamke anapouawa nyumbani kwake, mtaani husikika neno moja tu: anyongwe. Tulilisikia Septemba 2024, alipofariki Rebecca Cheptegei. Mnamkumbuka. Binti wa Bukwo, mkimbiaji wa marathoni aliyeiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya Paris mwezi mmoja tu kabla. Alikuwa akiishi ng'ambo ya mpaka, Trans Nzoia, Kenya. Jumapili ya tarehe 1 Septemba, siku ambayo alikuwa ametoka kanisani, mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto. Kulikuwa na ugomvi wa kiwanja. Alifia hospitalini Eldoret siku nne baadaye. Yule mwanamume naye aliunguzwa na moto huohuo, akafa tarehe 9. Kesi haikufika mbele ya hakimu yeyote.

Basi yule ambaye watu walitaka anyongwe, akafa. Nawauliza kwa heshima: kifo chake kimewarudishia nini watoto wa Rebecca? Baba yake Rebecca aliwaambia waandishi wa habari kwamba familia ilikuwa imeshapeleka malalamiko polisi kabla ya siku ile. Mimi macho yangu yamebaki hapo, kwenye yale malalamiko. Pale ndipo angeokolewa.

Ninalotaka kuwaambia leo ni hili. Kwa mgeni, kesi ya mauaji ya nyumbani huamuliwa mapema mno: kituoni, na hata kabla ya kituoni, kwa karatasi zilizoandikwa na zile ambazo hazikuandikwa kamwe. Hukumu ya kifo haimzuii mume kumpiga mke wake. Ila inaweza kummaliza mwanamke ambaye kipigo chake hakikuandikwa popote. Ndiyo maana nasema kitanzi kiondolewe kwenye sheria zetu. Na kwa kuwa hakijaondolewa, lazima tujue la kufanya.

Wengi hapa mmesikia jina la Susan Kigula. Mumewe, Constantine Sseremba, aliuawa usiku nyumbani kwao Julai 2000. Kigula na msichana wa kazi wakashtakiwa, na ushahidi uliotegemewa sana ulikuwa wa mtoto mdogo wa marehemu. Mwaka 2002 wakahukumiwa kifo. Kigula alikana tangu mwanzo. Wakati ule jaji hakuwa na hiari yoyote. Ukishapatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, hukumu ilikuwa moja: kunyongwa. Awe ni jambazi aliyepanga mwezi mzima, awe ni mama aliyepigwa miaka na siku moja akashika kisu, jaji hakuruhusiwa kupima yaliyotangulia. Sheria hiyo tuliachiwa na Waingereza, ambao wao wenyewe walinyonga mtu wa mwisho mwaka 1964.

Kutoka gereza la Luzira, Kigula na wafungwa wenzake zaidi ya 400 wakaishtaki serikali. Fikirieni ujasiri huo. Miaka michache nyuma, Aprili 1999, watu 28 walikuwa wamenyongwa katika gereza hilohilo la Luzira, na hao ndio raia, yaani wasio wanajeshi, wa mwisho kunyongwa nchini hapa. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikasema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikathibitisha, ikaongeza kwamba mtu aliyemaliza rufaa zake asikae zaidi ya miaka mitatu akingojea kunyongwa. Ikipita hapo, adhabu yake inageuka kifungo cha maisha. Kigula alirudishwa mbele ya jaji mwaka 2011, akapewa miaka 20. Akiwa ndani alisoma sheria kwa masafa, kwa mtaala wa Chuo Kikuu cha London. Januari 2016 akatoka.

Lakini msije mkadhani kitanzi kimefutwa. Mahakama ilikataa kukifuta, kwa sababu Katiba ya 1995, ibara ya 22, inakitambua. Kilichobadilika ni kwamba sasa jaji anaweza kusikiliza. Mwongozo wa adhabu wa mwaka 2013 unamwambia auweke mbali uamuzi wa kifo, autumie kwa kesi mbaya kupita zote, apime yanayoongeza uzito wa kosa na yanayopunguza. Vizuri sana. Sasa swali ni moja: anapima nini? Anapima kilichomo kwenye faili.

Mimi kazi yangu ni ukalimani. Natafsiri Kiswahili na Kiingereza vituoni na mahakamani, kwa hiyo faili hizo nazijua zinavyozaliwa. Ngoja niwaonyeshe. Simtaji mtu, nachanganya niliyoyaona kwa watu wengi.

Mama ameletwa saa tisa usiku. Jicho limevimba, kitenge kimechanika begani, mkono wa kushoto haunyanyuki. Mumewe yuko mochari. Askari anamuuliza kwa Kiingereza, kisha kwa Luganda. Mama anajua Kiswahili cha Bukavu na Kimashi. Kuna jirani aliyefuatana nao, anasema, "Mimi nasikia Kiswahili," basi jirani anageuka mkalimani. Hakuna anayeuliza kama huyo jirani ni binamu wa marehemu. Swali la kwanza: "Wewe ndiye uliyemchoma?" Mama anajibu ndiyo, na anataka kuendelea, anataka kusema, "Alikuwa ameshanikaba, watoto walikuwa wanalia." Jirani amechoka, anasema, "Amekubali." Askari anaandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Kisha anamsogezea kidau cha wino. Mama anabonyeza kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, anajifutia wino kwenye kitenge, anaingizwa selo.

Miaka yote ya kupigwa haimo kwenye ukurasa ule. Hajaficha. Hakuulizwa, na alipotaka kusema hakutafsiriwa.

Sasa sikilizeni sheria inasemaje, kwa sababu hapa iko upande wenu. Ibara ya 23 ya Katiba inasema anayekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, pamoja na haki yake ya kuwa na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ibara ya 28 inampa mshtakiwa mkalimani bila kulipa chochote, na kwa kosa linaloweza kuleta kifo au kifungo cha maisha, inampa wakili kwa gharama ya serikali. Maelezo ya kukiri kosa hayapokelewi na kila askari. Lazima awe ofisa wa cheo cha msaidizi wa inspekta au zaidi, au hakimu. Na mahakama zetu za juu zilishaelekeza kwamba maelezo ya mshukiwa yaandikwe kwa lugha aliyoitumia, halafu tafsiri ya Kiingereza iandikwe kando. Yaani kama mama alisema kwa Kiswahili, faili iwe na Kiswahili chake. Nchi hii iliandika Kiswahili kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Kalamu ile ile inaweza kukiandika.

Kuna karatasi nyingine ninayotaka muijue kwa jina: Fomu ya Polisi namba 24. Mshukiwa wa kosa kubwa hupelekwa kwa daktari, na daktari huandika hali ya akili yake na majeraha aliyonayo mwilini. Nimeziona nyingi zimejazwa kwa mstari mmoja: akili timamu. Basi. Jicho lililovimba halimo, alama za vidole shingoni hazimo, mbavu hazikuguswa. Wiki tatu baadaye uvimbe umeshuka na ushahidi umekwenda nao. Kwa hiyo ikiwa ndugu yako amekamatwa, hata kama umemkasirikia, hata kama marehemu ni mtu wako, dai daktari amvue nguo na aandike kila alama. Daktari anaandika alichokiona tu. Atakachokitumia jaji baadaye ni kazi ya jaji.

Baada ya hapo anasomewa shtaka mbele ya hakimu mdogo, ambaye haruhusiwi hata kumuuliza kama anakubali au anakataa, kwa kuwa kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu. Anapelekwa rumande. Zikipita siku 180 bila kesi yake kupelekwa Mahakama Kuu, Katiba inasema apewe dhamana. Mwenyeji ana shangazi Mukono na kaka mwenye kibanja Masaka, watakuja kumdhamini. Mgeni anaulizwa makazi ya kudumu, na yeye anapanga chumba kimoja Katwe, na aliyekuwa akilipa kodi ndiye aliyekufa. Anabaki ndani. Wakili wa kumtetea anayelipwa na serikali, mara nyingi mnakutana naye siku ya kesi, koridoni, ana mafaili sita mkononi. Siwalaumu mawakili hao. Wanalipwa kidogo na wengine wao ni watu wa kujitolea kwelikweli. Lakini dakika kumi koridoni hazitoshi kumsikiliza mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba mambo ya nyumba hayatoki nje.

Na sheria yenyewe ina tundu. Kosa la kuua kwa kukusudia linaweza kushuka likawa kuua bila kukusudia ikiwa mtu alichokozwa, akatenda kwa hasira ya ghafla kabla damu haijapoa. Angalieni sheria hiyo ilimfikiria nani. Ilimfikiria mwanamume aliyetukanwa akajibu papo hapo kwa panga. Mwanamke aliyepigwa kwa miaka mara nyingi hatendi papo hapo, kwa sababu papo hapo angeuawa yeye. Anangoja mume alale. Sheria inauona muda huo wa kungoja kama kupanga. Hapo ndipo maisha yake yote ya nyuma yanapohitaji kuwa mbele ya jaji, na hapo ndipo yanapokosekana.

Uingereza walilijua hilo kupitia mhamiaji. Kiranjit Ahluwalia alitoka Punjab, India, akaolewa Uingereza, akapigwa na mumewe kwa miaka kumi. Usiku mmoja wa mwaka 1989, mume akiwa amelala, alimmwagia petroli akamchoma. Alikufa. Mahakama ikampata na hatia ya kuua, kifungo cha maisha. Ushahidi wa hali ya akili yake baada ya miaka ile yote haukuwekwa mbele ya baraza la mahakama. Kikundi cha wanawake cha Southall Black Sisters kikasimama naye, wakatafuta madaktari, wakakusanya karatasi. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu ile, na kesi iliporudiwa akakubali kosa la kuua bila kukusudia, akapewa kifungo kilicholingana na muda aliokuwa ameshakaa, akarudi kwa watoto wake. Ushahidi ulichelewa miaka mitatu. Ulimkuta hai kwa kuwa nchi ile ilikuwa imeshaacha kunyonga. Miaka 40 nyuma huenda wangekuwa wameshamzika uani mwa gereza.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukataa adhabu hii. Ukweli wa nyumbani hutoka polepole, na wa mgeni hutoka polepole zaidi.

Najua kuna mama hapa ambaye binti yake aliuawa na mume. Mama, nakuona, na sijasimama hapa kukwambia usitake haki. Aliyeua afungwe, akae ndani miaka mingi, na familia yako isikilizwe mahakamani. Ninachosema ni kwamba sheria ya kunyonga haiji na jina la muuaji wa binti yako peke yake. Inakuja na mlango uleule anaopitia yule mama wa kidole gumba.

Jirani zetu wamekwenda njia mbalimbali. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, Burundi mwaka 2009. Kenya, Mahakama ya Juu yao iliondoa ile ya lazima Desemba 2017. Tanzania bado wanayo ya lazima kwenye vitabu, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake hukohuko Arusha, ilisema mwaka 2019 kwamba inakiuka haki. Na sisi tunaotoka Kongo, Machi 2024 serikali yetu ilitangaza kurudia kunyonga na kuua kwa risasi baada ya miaka zaidi ya 20 ya kusimamisha. Inaniuma kulisema.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kesi hizi hazianzii kituoni. Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani tangu mwaka 2010. Inakuruhusu kwenda kwa hakimu ukaomba amri ya ulinzi, na hata korti ya LC, yaani baraza la mtaa, ina uwezo wa kusikiliza mashauri haya na kuandika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanawake 56 kati ya kila 100 waliowahi kuolewa nchini hapa wamepitia ukatili wa mume au mwenza, wa mwili, wa ngono au wa maneno. Wangapi wana karatasi?

Sisi wageni tuna sababu zetu za kunyamaza, na nazijua. Karatasi ya familia, ile tunayoiita atestesheni, mume ndiye aliyeandikwa juu. Mwanamke anafikiri akimshtaki, jina lake litafutwa, posho itakatika, safari ya kuhamishiwa Kanada au Marekani itakufa. Wengine wanaogopa mume atarudishwa alikokimbia. Wanaume wanazijua hofu hizo na wanazitumia, wanasema usiku: "Nitakutoa kwenye karatasi." Dada, hana uwezo huo. Hadhi yako ya ukimbizi ni yako, na karatasi ya familia inaweza kutenganishwa. Kwenye makambi kama Nakivale au Kyangwali anzia kwa kamati ya wakimbizi na ofisi ya Waziri Mkuu. Hapa mjini nenda kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia, na uombe Fomu ya Polisi namba 3 ili daktari aandike kipigo. FIDA wana mawakili wanawake wanaosaidia bila malipo. Namba ya simu ni 116, inaitwa Sauti, haikati salio.

Wachungaji na maimamu, nawaomba jambo moja, na ninalisema mbele yenu kwa kuwa nawaheshimu. Dada akija kwenu na jicho jekundu, mwombeeni, mpatanisheni kama mnaona inafaa, lakini andikeni. Tarehe, alichosema, mlichokiona kwa macho. Sahihi yenu. Barua ya mchungaji ya miaka minne iliyopita inaweza kuwa karatasi pekee atakayokuwa nayo jaji.

Na ninyi wanaume, msidhani nimekuja kuwasema. Baadhi yenu mnapigwa pia na mnaona aibu kusema, na sheria ya 2010 inawalinda vilevile. Lakini wengi wa wanaokufa ni wanawake, tusifichane. Na kuna habari njema ambayo ilitoka hapahapa kwetu. Kati ya mwaka 2007 na 2012, kazi ya mpango uitwao SASA! ilifanyika Makindye na Rubaga, yaani mitaa tunayoishi. Watu wa kawaida, mafundi, wauza mboga, maaskari, walifundishwa kuzungumza na majirani zao kuhusu nguvu ndani ya nyumba, na kuingilia wanaposikia kelele. Watafiti walipolinganisha na mitaa ambayo haikupata mafunzo hayo, kipigo cha wenza kilikuwa kimepungua kwa asilimia 52. Hakuna aliyenyongwa. Majirani waligonga mlango.

Kabla sijakaa, jambo la kazi. Tunakusanya orodha ya watu wanaoweza kwenda kituoni usiku kutafsiri, ili jirani yeyote tu asigeuzwe mkalimani. Tunahitaji Kiswahili cha pande zote, Kilingala, Kimashi, Kifuliiru, Kibembe, Kinyarwanda na Kirundi. Tunataka watu watakaotafsiri neno lote, hata lile linalomuumiza rafiki yao. Daftari liko mlangoni kwa dada mwenye kilemba cha kijani. Andikeni jina, lugha na namba ya simu inayopatikana usiku. Naanza kupokea maswali kwa mama aliyenyoosha mkono kule nyuma.